Ukurasa Haupatikani

Ujumbe wa kwanza kuingia kwenye ule ukurasa wa mtandaoni ulisema mtu aliyepotea ameonekana. Aliyeuandika aliapa kabisa: amemwona kwa macho yake, mzima, hana hata mkwaruzo, ndani ya duka la miwani karibu na stendi, amevaa aproni ya buluu na kuinamia jiwe la kusagia lenzi. "Mfuateni haraka kabla hajahama," alimalizia.

Mdogo aliusoma ujumbe huo akiwa ndani ya duka hilohilo, ndani ya aproni hiyohiyo, lenzi ya mteja ingali inachuruzika maji mkononi mwake. Alijibu, "Ahsante sana. Huyo ni mimi, pacha wake," akarudi kwenye jiwe.

Walizaliwa siku moja, mmoja akimtangulia mwenzake kwa muda wa mkunga kugeuka na kuchukua taulo jingine. Kwa tofauti hiyo ndogo mmoja akawa Mkubwa na mwingine akawa Mdogo, nyumbani, shuleni, mpaka kazini. Mkubwa alikuwa msoma mita wa mamlaka ya maji. Kila asubuhi alitoka na shati lake la sare, buti, begi la mgongoni na ndoano ya chuma ya kufunulia vifuniko vya mita, akazunguka mitaa akiinama kwenye mageti ya watu. Asubuhi moja alitoka hivyohivyo, akamwambia mama asimwekee chakula cha mchana, na hakurudi. Simu yake iliita bila kupokelewa mpaka jioni, kisha ikazimwa.

Waliandikisha polisi. Walizunguka hospitali zote za mjini. Kwenye vyumba vya maiti Mdogo aliingia peke yake, mama akabaki nje ameukumbatia mkoba kifuani. Wahudumu walimtazama usoni mara moja tu, wakatikisa kichwa.

"Ndugu yangu," mmoja alimwambia kwa upole, "mwenye sura hii hayumo humu. Angekuwemo, tungeshtuka ulipotokea mlangoni."

Wakabandika matangazo kwenye kuta, na namba ya simu chini yake. Hapo ndipo matapeli walipowapata. Mmoja alidai anaye Mkubwa na anataka kitu kidogo ndipo amwachie. Mwingine alimweka mtu karibu na simu akawa anagumia kama anayeteswa, na aliyepokea siku hiyo alikuwa mama. Mdogo alimkuta amekaa sakafuni jikoni, simu bado iko sikioni, na upande wa pili walishakata zamani. Tangu siku hiyo mama alikata shauri: namba yao isitajwe tena popote.

Ndipo likaja wazo la tovuti. Ukurasa mmoja tu, wenye sura ya Mkubwa, maelezo yake, na mahali pa kuandika ujumbe, ili wao wausome kwanza kwa utulivu na kuujibu wanaoona una ukweli.

Kasoro ilikuwa picha. Mkubwa hakuzipenda. Katika zote zilizokuwepo ama alikuwa pembeni, ama ameinama, ama kichwa cha mtu mwingine kimemkata shavu. Mama akasema, "Uso wake si tunao?" Akamketisha Mdogo kwenye kiti karibu na dirisha, akamvalisha shati la akiba la mamlaka ya maji, akamchana nywele kwa mkono wake kama siku ya kwanza ya shule.

"Usitabasamu," alimwambia. "Mwenzio hakuwa mtu wa kuchekea kamera." Akakisikia alichosema, akakirekebisha haraka: "Si mtu. Si mtu wa kuchekea kamera."

Basi uso uliowekwa mtandaoni ulikuwa wa Mdogo, na kwa siku nyingi watu wema walimwona Mdogo kila kona: dukani, kwenye foleni ya benki, akivuka barabara na mkate kwapani. Alifuga ndevu ili wamwache.

Ukurasa wenyewe aliuweka kwanza kwenye huduma ya bure, na huduma ya bure ikajilipa yenyewe kwa matangazo. Juu ya neno AMEPOTEA pakawa panacheza tangazo la kamari, sarafu zinadondoka, mwanamke anacheka. Mama alipoliona aliifunika simu kwa kiganja.

"Mtoe mwanangu humo," alisema. "Leo hii."

Mdogo akaenda kwa Asilimia.

Asilimia alisoma nao darasa moja. Siku hizi alikuwa akiuza huduma ya kuhifadhi tovuti, yaani kuwakodisha watu nafasi kwenye seva, kompyuta zisizozimwa, ambamo tovuti zao hukaa ili zifunguke saa yoyote mtu akizitaka. Jina la utani alilipata kwa sababu hakuwa na sentensi isiyo na asilimia ndani yake. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la madaftari: meza moja, viti viwili, karani mmoja, na nyuma ya karani mlango uliofungwa ambao ndani yake kitu kilivuma kutwa nzima.

"Kwangu mimi, kaka, tovuti iko hewani asilimia tisini na tisa," alisema.

"Seva zenyewe ziko wapi?"

"Ziko mahali salama."

"Na zikizimika?"

"Hazizimiki, bwana. Tumekua wote, mimi nikudanganye wewe? Tena kwa jambo la Mkubwa?"

Mdogo alikuwa na maswali mengine. Alitaka kujua nakala za akiba zinawekwa wapi, nani anapokea simu Jumapili, na ule mlango unaficha nini. Lakini Asilimia alishamshika bega, machozi yanamlengalenga, na Mdogo aliona haya kumhoji mtu anayemlilia ndugu yake. Wakapeana mikono, mambo yakaishia hapo.

Kwa muda ukurasa ulikwenda vizuri. Kisha mtangazaji wa kipindi kimoja cha redio, aliyesikia habari zao kwa mteja wa miwani, akakubali kusaidia. Mchana mmoja alisimulia kisa cha msoma mita aliyepotea, akaitaja anwani ya ukurasa taratibu, herufi kwa herufi, akairudia, akairudia tena. "Fungueni muione sura yake," alisema. "Huenda mmempita leo." Mama alisikiliza akiwa ameipakata redio. Dukani Mdogo alilisimamisha jiwe. Kipindi kilipokwisha alifungua ukurasa aone kama kuna aliyeandika. Simu ilizunguka, ikazunguka, halafu ikaandika: Ukurasa haupatikani.

Alijaribu tena. Alimwomba mteja ajaribu kwa simu yake. Haupatikani.

Akampigia Asilimia. "Kaka, redio imetuletea watu kwa mpigo, mfumo umelemewa," alijibu Asilimia, huku nyuma yake watu wakigombana. "Nipe dakika tano." Baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena, na kesho yake ikawa imezimwa.

Mdogo alipofika ofisini alikuta ngazi zimejaa wateja wenzake: mwenye nyumba ya wageni, muuza matairi, mwalimu mkuu ambaye matokeo ya wanafunzi wake yalikuwa humo. Karani alisimama mlangoni kama mtu aliyeachiwa msiba usio wake. "Mfumo unafanyiwa matengenezo," aliwaambia mmoja mmoja, maneno yaleyale. Muuza matairi hakuwa na subira. Alimsogeza kando akausukuma ule mlango wa nyuma. Ndani palikuwa na feni kubwa ikipuliza ukuta, na kompyuta moja iliyopasuliwa ubavu, nyaya zinaning'inia. Hapakuwa na kitu kingine.

Asilimia hakuonekana tena mtaani. Ukurasa ukakaa gizani, siku zikapita, wiki ikafuata wiki. Jumbe zote zilizowahi kuandikwa humo zikapotea, maana hapakuwa na nakala hata moja.

Safari hii Mdogo aliapa hatanunua maneno matamu. Kulikuwa na mwanamke mmoja mteja wa dukani, fundi wa mitambo ya kompyuta katika benki, mkavu wa maneno, aliyekuja kubadilisha lenzi. Mdogo alimweleza yote huku akimpima fremu masikioni.

"Wapigie simu kabla hujawa mteja wao," yule fundi alisema. "Piga Jumapili alfajiri, uone nani anaamka. Waulize nakala zinakaa jengo gani. Wakikwambia jengo hilohilo, waage. Waulize siku ukitaka kuhama utaondokaje na vitu vyako, na anayenuna kwa swali hilo mkimbie. Halafu nawe weka nakala yako nyumbani. Usimwamini hata huyo utakayemchagua."

Alifanya hivyo. Kampuni ya kwanza haikupokea simu. Ya pili ilimpigia muziki mpaka sikio likachoka. Ya tatu alipokea bwana mchangamfu mno, mwenye jibu la kila kitu kabla swali halijaisha, na Mdogo akakata simu hiyo kwa woga. Ya nne alipokea binti mwenye sauti ya usingizi. Alipoulizwa habari za nakala alisema, "Hilo sijui kwa uhakika, kaka. Nitauliza nikupigie." Na akapiga kweli, asubuhi hiyohiyo, akataja jengo na mji. Mdogo aliwachagua wao kwa ajili ya lile neno "sijui".

Ikabaki kujaza muda wa mkataba. Mama alikuwa kitandani kwake akikunja nguo, za Mkubwa zikiwa kwenye rundo lake.

"Wanauliza tunataka miaka mingapi," Mdogo alisema.

"Miaka ya nini?"

"Ya ukurasa kukaa hewani."

Mama aliliweka shati chini. "Mtu anayerudi anangojwa kwa miaka? Kumbe wewe mwenzetu umeshamzika, ila hujatuambia tu."

"Mama, ndio utaratibu wao. Mwaka mmoja ndio mdogo kabisa."

"Waambie wiki."

"Hawana wiki, mama."

"Mwezi basi. Waambie mwezi. Akirudi tunaufunga."

Alijaza mwaka mmoja, akamwambia mama kuwa ni mwezi.

Ukurasa ukarudi hewani kwa anwani ileile, na safari hii haukutikisika. Mdogo aliufungua kila alipopata nafasi, akivuka barabara, akingoja gundi ya fremu ikauke, na kila mara ulifunguka papo hapo, uso wake mwenyewe ukimtazama bila tabasamu. Ujumbe haukuja. Kisha asubuhi moja ukaja mfupi, kutoka mji mwingine, kwenye barabara ya machimbo ya kokoto ambako hakuna aliyewahi kufikiria kumtafuta.

"Mimi ni muuguzi. Naomba kuuliza kama huyu ndugu alikuwa na kovu chini ya goti la kushoto."

Kovu lile Mdogo alilijua. Utotoni waliteleza wote juu ya bati moja, na bati likamchagua Mkubwa. Lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye "alikuwa". Alimwambia mama anakwenda kuchukua mzigo wa fremu, akaondoka.

Hospitali ilikuwa ndogo, ukumbi mmoja mrefu wenye wodi kila upande. Muuguzi alikuwa anakuja na sinia la dawa. Alipomwona Mdogo amesimama mlangoni, na mwanga uko nyuma yake, vikombe vilianza kugongana kwenye sinia. Alikaa kwenye benchi bila kuangalia kama benchi lipo.

"Nisamehe, kaka," alisema alipopata pumzi. "Ni hizo ndevu. Zilimwota akiwa kitandani. Alikuwa hivyohivyo."

Akamweleza. Dereva wa lori la kokoto alimwokota kando ya barabara, amegongwa na gari lililokimbia. Waliomfikia kwanza walishachukua begi na simu. Shati lake mtu alimfungia jeraha la kichwani, likatupwa pamoja na damu. Polisi wa huku waliarifiwa, wakaandika. Polisi wa mjini nao waliandika, karatasi mbili kwenye meza mbili, hazikupata kukutana. Kwa nini Mkubwa alikuwa kwenye barabara ile, mpaka leo hakuna ajuaye.

"Aliongea?" Mdogo aliuliza.

"Si kuongea. Alikuwa akitaja namba. Moja baada ya nyingine, macho yamefumba. Tulidhani anatupa namba ya simu ya kwao. Tulizipiga zote, zikawa haziingii."

"Hazikuwa za simu," Mdogo alisema. "Alikuwa anasoma mita."

Muuguzi alitazama mikono yake. "Nilisikia redio," alisema. "Nilikuwa wodini. Nikaiandika ile anwani hapa kiganjani. Nikafungua, ikasema haupatikani. Nikajua nimekosea herufi. Nikaongeza, nikapunguza, nikajaribu kila namna. Kesho yake tena. Halafu wino ukafutika kwa kunawa, na kazi ni nyingi, kaka. Juzi natafuta kitu kingine kabisa kwenye simu, anwani ikajitokeza yenyewe. Nikabonyeza tu. Nikamwona."

"Siku ya redio alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Mchana ule nilimlisha uji mwenyewe. Alikata roho wiki iliyofuata. Manispaa ikamzika." Akamtazama kwa mara ya kwanza bila kukwepa. "Labda ningeandika vizuri..."

"Uliandika sawasawa, dada," Mdogo alimwambia. "Hukukosea hata herufi."

Alirudi nyumbani bila fremu. Mama alimtazama mikono mitupu, akajua. Mdogo alimweleza yote, barabara, lori, kitanda, namba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Siku ile ya redio alikuwa hai?"

Angeweza kusema hajui. "Alikuwa hai, mama."

"Na ukurasa haukufunguka."

"Haukufunguka. Nami ndiye niliyemchagua Asilimia. Sikumuuliza niliyopaswa kumuuliza. Niliona haya."

Mama aliinuka akaenda jikoni kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Walikwenda makaburini pamoja na dada yao mkubwa, aliyeolewa mtaa wa mbali. Manispaa huzika watu wasio na wenyewe kwenye safu zilizonyooka, kila mmoja na kigingi chenye kibati cha namba. Mlinzi aliwapeleka, akahesabu vigingi, akasimama. Dada alilia kwa sauti. Mama aliinama akakishika kile kibati kwa vidole viwili, akakisoma, akakiachia. Wakaweka kibao chenye jina.

Mdogo alinyoa ndevu siku hiyohiyo, kwa sababu ya maneno ya muuguzi. Lakini aliponyoa akawa yule aliyeaga asubuhi na kusema asiwekewe chakula. Mwenye ndevu alikuwa wa kitandani, asiye nazo alikuwa wa mlangoni. Hakubaki na uso wa kwenda nao nyumbani.

Kwenye tovuti aliandika kwamba ndugu yao amepatikana, amefariki, na familia inawashukuru wote. Watu hawasomi maandishi, wanatazama picha. Jumbe ziliendelea kuja: ameonekana stendi, ameonekana sokoni, amenunua betri. Mdogo alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akampigia yule binti wa kampuni, akamweleza kuwa anataka kuufuta.

"Muda wenu bado upo mwingi, kaka," binti alisema. "Kuna tatizo lolote na huduma yetu?"

"Hakuna," Mdogo alijibu. "Huduma yenu ni nzuri."

Asilimia alikutana naye mwishowe, mchana kweupe, mbele ya benki. Alikuwa ametokea mji mwingine, amevaa suti, ana ofisi mpya yenye jina jipya. Alizoea kumwona Mdogo na ndevu. Alipouona uso ule mtupu alisimama katikati ya watu, akatanua mikono.

"Mkubwa!" alipiga kelele. "Mungu mkubwa, umepatikana! Nilijua tu ile tovuti itafanya kazi!"

Akamkumbatia. Alikuwa analia kwa furaha, ya kweli kabisa, na Mdogo aliyekuwa amejiandalia maneno kwa miezi mingi alibaki mikono imemlegea, kidevu juu ya bega la suti.

"Ni Mdogo," alisema tu.

Asilimia alijitoa taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu shuleni hakuwa na asilimia yoyote ya kusema. Mdogo alimwacha palepale akaenda kazini, maana kulikuwa na lenzi za mteja wa saa nane.

Mama alihamia kwa dada. Alifungasha mwenyewe, na kabla hajatoka alimwita Mdogo akae karibu naye, lakini si mbele yake.

"Sikuchukii, mwanangu," alisema akiangalia ukuta. "Usije ukadhani hivyo. Ni kwamba nikikuona mlangoni moyo unaruka kabla akili haijafika. Kila siku. Nitakufa hivyo."

Mdogo huenda kumtembelea Jumapili. Geti la dada limetobolewa tundu la kuchungulia, na mama hupenda kukaa barazani kulielekea. Basi yeye husimama barabarani, kabla ya kufika, mahali asipoweza kuonekana, akaita kwa sauti ambayo majirani wameshaizoea: "Ni Mdogo, mama. Ni mimi, Mdogo." Kisha hungoja. Siku nyingine jibu huja upesi. Siku nyingine anasikia kiti kinasogezwa, mlango wa ndani unafungwa, na dada anatoka kumwambia kwamba mama leo amelala.